Mikanda ya Yeremia Ndani ya Kilindo

Mwanza, 11 Februari 1996

Kwa bibi yangu Damari, Mtinko, Singida.

Shikamoo bibi. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lile limepunguza kelele. Mimi huku sijambo, nakula samaki mpaka naogopa kuota magamba. Msalimie mjomba Bonaventura na mkewe. Msalimie na Dorika jirani, kama hamjagombana. Kama mmegombana, msalimie baadaye.

Bibi, sababu ya kuandika ni hii. Nimekutumia maboksi kwa basi hadi Singida mjini, na nimemwomba Ramadhan wa mashine ya kusaga ayachukue kwa pikapu yake. Ni mikanda yangu ya video, yote niliyokusanya tangu nifungue kibanda cha kuonyesha picha. Chumba changu kinavuja, na unyevu wa ziwa umeanza kuiotesha ukungu. Naomba unitunzie kwa muda.

Isipigwe jua, isipate moshi wala vumbi, panya wasiifikie. Isilale, isimame wima kama watu kanisani. Tafuta kitu cha kuihifadhia kisicho na mambo mengi, ambacho mtu akitaka picha moja anaitoa hiyo bila kupekua zote. Watu wa hapa wanasifu sanduku la bati.

Mmoja una karatasi nyekundu. Ule ni wa arusi ya mjomba, marehemu mama yumo. Huo usimwazime mtu.

Mjukuu wako,
Yeremia


Mtinko, 10 Machi 1996

Mume wangu Yeremia,

Marahaba, ingawa shikamoo ya karatasi haishibishi, mimi nataka ile ya kuinama. Goti linapiga kelele vile vile, nimelizoea kama nilivyomzoea Dorika. Mvua ilianza vizuri, ikaenda zake, juzi imerudi na aibu kidogo. Uwele umesimama. Ng'ombe wa Bonaventura kazaa ndama dume. Mke wa Bonaventura naye ana mimba, tumwombe Mungu asizae dume, maana madume wa ukoo huu nawajua: wakiota ndevu, wanaondoka.

Maboksi nimeyapata. Nilidhani umeniletea vitenge, nikayafungua mbele ya Dorika ili aumie. Plastiki nyeusi tupu! Dorika alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Shemeji, mumeo amekutumia matofali." Hatusemeshani tangu siku hiyo, salamu zako nimezihifadhi.

Nikasema lazima nijue ninachotunza. Ramadhan sasa ana televisheni na deki, anawasha kwa jenereta pale pale kwenye mashine. Zamani tulipanga foleni ya sabuni, leo mtu wa Mtinko anatazama Wahindi huku unga wake unasagwa. Tukaweka mmoja. Bwana we! Stelingi kapigwa risasi begani, kafunga kitambaa, kaanza kuimba. Mimi nikichomwa na mwiba nasikika Singida mjini, na si kwa wimbo. Walipofika kwenye kukumbatiana, mzee Stefano wa kanisani alijifunika macho kwa mkono, lakini vidole vilikuwa na nafasi ya kupita mbuzi.

Sasa habari ya mahali pa kutunzia. Sanduku la bati sitaki. Dorika analo, nguo zake mwezi wa kumi zinatoka humo zimeiva, zinahitaji chumvi tu. Bonaventura anataka kunipigia kabati la vioo, kama la mwalimu mkuu. Kabati la vioo ni kuwaita wezi kwa jina. Kila atakayekuja kunijulia hali atatoka na Mhindi kwapani. Mzee Stefano kanipa bure friji bovu la misheni, lile la mafuta ya taa. Linafunga vizuri kweli. Nilipolifungua nikamkuta panya anazaa, akanitazama kama mimi ndiye niliyeingia bila hodi. Nikalifunga polepole, mzazi ni mzazi.

Kwa hiyo bado nafikiri. Kwa sasa iko kitandani kwangu na mimi nalala ukutani. Yamekuwa ndiyo maisha ya ndoa.

Neno moja. Unasema umetuma yote. Hata ile unayoipenda hukubakiza? Kibandani kwako unaonyesha nini, mikono?

Mkeo asiye na meno,
Damari


Mwanza, 21 Aprili 1996

Shikamoo bibi.

Pole na kulala ukutani. Mimi sijambo. Nimefurahi mikanda imefika. Pole na mimba ya mke wa mjomba, yaani hongera.

Kama sanduku hulitaki, basi chochote chenye mfuniko kitafaa, mradi kiwe mahali pa baridi. Chumba chako cha ndani kabisa kwenye tembe ni kizuri, jua halifiki. Usisahau: vumbi hapana.

Samahani barua ni fupi, nina shughuli nyingi hapa na pale.

Yeremia


Mtinko, 9 Juni 1996

Mume wangu wa shughuli nyingi,

Marahaba. Tumevuna. Mtama ndege wameonja zaidi yetu, lakini uwele umejaa. Alizeti ya Bonaventura imemfanya atembee kifua mbele, anaringa kama yeye ndiye aliyetengeneza jua. Mkewe kajifungua. Dume. Nilisema nini? Nimembeba, nikamwambia, "Karibu, utaondoka lini?" Mama yake hakucheka.

Dorika tumepatana. Alikuja kuomba moto, nikampa na salamu zako zilizokuwa zimelala.

Mikanda yako nimeipatia nyumba. Unakikumbuka kile kilindo cha gome la mti, kikubwa, alichokuja nacho mama mkwe wangu? Ulijificha humo ukiwa mtoto tukakutafuta mpaka kwenye visima. Kimetunza mbegu za nyumba hii tangu kabla mimi sijaolewa. Hakipati joto, hakipati kutu, panya wamekijaribu mpaka meno yao yakaisha. Nimeipanga wima, mgongo nje, majina yanasomeka. Karate huku, Wahindi kule, wenye bunduki katikati ili wawaamue. Kisha nimeihudumia kama mbegu bora kabisa, hakuna dudu litakalogusa. Nimefunika na kuziba mfuniko kwa mavi ya ng'ombe, mabichi, ya yule mzazi. Kimekauka vizuri kama ukuta. Kimesimama chumba cha ndani.

Sasa nisikilize. Hukujibu nilichokuuliza. Mimi nimesoma ngumbaru tu, mwalimu akahama kabla hatujafika hesabu, lakini barua isiyojibu naijua.

Babu yako Abraham, mwaka ule walipokuja kuandikisha watu wa kwenda kukata mkonge Tanga, aliingia jikoni kwangu jioni na mbegu zake zote. Uwele, mtama, kunde, hadi mbegu za maboga. Akasema, "Damari, nitunzie kwa muda." Mimi nilikuwa msichana mjinga mwenye mtoto mgongoni na Bonaventura tumboni, nikafurahi kwamba mume ananiamini. Mtu anayerudi huacha mbegu zake pale pale zilipo, Yeremia. Anayehama ndiye anayemkabidhi mwingine zote. Yule mtoto wa mgongoni alikuwa mama yako. Hakumwona tena baba yake, na mimi sikumwona tena, wala sikupata hata kaburi la kutukana.

Kwa muda, alisema. Na wewe umeandika maneno hayo hayo, na hakuna aliyekufundisha.

Unakwenda wapi?

Damari


Mwanza, 14 Julai 1996

Shikamoo bibi. Hongera kwa mavuno, na hongera kwa mjomba kwa mtoto. Huku ziwani joto tu. Mimi mzima.

Bibi, nina ombi. Naomba unitumie mkanda mmoja tu, ule wa karatasi nyekundu. Mkabidhi Ramadhan, atampa kondakta wa basi la Mwanza, mimi nitaupokea stendi. Iliyobaki ibaki huko huko. Naomba ufike kabla mwezi wa tisa haujaingia.

Hayo ya babu yalikuwa ya zamani, bibi. Usiwaze sana.

Yeremia


Mtinko, 4 Agosti 1996

Yeremia,

Marahaba. Tu wazima wote. Upepo wa kiangazi umeanza, kila kikombe cha chai kina nusu ya shamba.

Mkanda sitatuma.

Nitakueleza kwa nini, kisha ununue soda uteremshie. Katika nyumba hii kilindo kilichofungwa kwa jina la mtu, mtu huyo ndiye hukifungua. Anapasua mfuniko kwa mkono wake, ananusa mbegu zake, kisha anagawa. Akifungua mwingine, mbegu zinanuna shambani, haziinuki. Nimekifunga kwa jina lako. Nilisema kwa sauti, "Hiki ni cha Yeremia wa Ritha binti yangu," na Dorika alikuwepo, sasa kijiji kizima kinajua.

Najua utasema mkanda si mbegu. Mbona unauita uondoke nao wewe uendako? Mtu habebi plastiki.

Na usimwandikie mjomba wako afungue kwa siri. Bonaventura akigusa mfuniko ule nitamlaza zizini na ndama, na mkewe atanisaidia kubeba godoro.

Mkono wako ndio ufunguo. Ulete.

Damari

Ramadhan anasema ana picha yake mpya ya kivita lakini haina mwisho, mkanda umeliwa na deki. Tumebaki tunabishana kama stelingi alikufa. Mimi nasema stelingi hafi. Mzee Stefano anasema safari hii ni mapenzi ya Mungu.


Mwanza, 25 Agosti 1996

Shikamoo bibi.

Umenichokoza hadi nimecheka peke yangu stendi, watu wakanihama. Kisha nikakasirika. Sasa nimetulia, naandika.

Ni kweli. Nakwenda Sauzi. Tuko watatu, tunapitia Tunduma na Zambia. Kibanda kimekufa, bibi. Siku hizi ni ruksa kila kitu, mwenye hela ananunua deki yake anatazama akiwa amelala, na televisheni nazo zimekuja, nani atalipa akae kwenye benchi langu lenye misumari? Deki nimeuza. Mikanda nilishindwa kuuza, ndiyo maana nikakutumia.

Chumba hakivuji. Nilidanganya.

Sikutaka kuja kuaga. Si kwamba sikupendi. Nikikaa jikoni kwako, ukanipakulia ule mlenda, ukaanza kunitukana, sitaondoka. Najijua. Ndiyo maana nilitaka mama peke yake, kwa mkanda, kwa sababu yeye hawezi kunizuia.

Nitumie, bibi. Tafadhali.

Yeremia


Mtinko, 8 Septemba 1996

Yeremia,

Hapa salamu sina.

Njoo ushindwe kuondoka kwanza. Ukishashindwa, uondoke. Anayeondoka kwa mlango nitamwombea hadi huko aendako. Anayetoroka namlaani mimi mwenyewe, na laana zangu unazijua, hazikosei njia.

Jogoo mwekundu nimemfunga mguu. Ukichelewa atakufa kwa mawazo.

Damari


Lusaka, 27 Oktoba 1996

Kwa bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Hii nainama kabisa, wenzangu wananishangaa. Mimi mzima, tumefika Lusaka salama. Mwenzetu mmoja kapata homa, tunamsubiri apone ndipo tusogee. Salamu kwa wote. Mwambie mjomba mikono bado inanuka mavi ya ng'ombe.

Bibi, nikifumba macho niko tena kwako siku ile niliyokuja kuaga, nakiona kile kilindo. Napasua mfuniko mbele ya watu wote, Dorika amevaa nguo ya Krismasi, mzee Stefano ametangulia kuomba, ninaingiza mkono na kutoa… kitu cheupe. Majivu! Umeiviringisha mikanda yangu yote kwenye majivu ya jikoni, na majani ya mwarobaini juu yake, ikawa kama wazee waliotoka porini. Nikakuuliza, "Bibi, sikusema vumbi hapana?" Nawe umesimama mikono kiunoni: "Vumbi ni uchafu, majivu ni dawa! Nitajie dudu moja uliloliona humo." Na kweli sikuona dudu. Sikuona na picha. Tulivyoweka ule wa karate kwa Ramadhan, Wachina walikuwa wanapigana ndani ya ukungu wa Lushoto.

Nilikasirika dakika chache, bibi. Kisha nikaukumbuka ule mwekundu, nikachimba hadi chini, haumo. Nilidhani umeyeyuka. Ukaniacha nichimbe! Ukaniacha nijae majivu hadi nyusi, ndipo ukaingia chumbani ukautoa chini ya mto wako, safi, umefungwa kwenye kitenge.

Nikasema, "Kumbe haukuwa ndani! Ungeweza kunitumia siku yoyote." Ukasema, "Wewe humo una mama. Mimi humo nina mtoto. Nani amekudanganya kwamba msiba wako ni mkubwa kuliko wangu?"

Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja.

Nilidhani ulikuwa ukiutazama kwa Ramadhan kila wiki. Uliponiambia hujautazama hata mara moja, kwamba ulikuwa unanisubiri kwa sababu usingeweza kuangalia mbele ya watu waliokuja kusaga, ndipo niliposhindwa, kama ulivyosema. Siku zile zote nilizokaa nilikuwa nimeshindwa. Na ni wewe uliyenipakia kwenye pikapu.

Mkanda nimekuachia, usiseme nimesahau. Nimebeba kibuyu ulichonipa cha nusu ya mbegu yako ya uwele. Askari wa mpakani alikitikisa, akauliza ni nini. Nikasema ni nusu. Akaniona mgonjwa, akanipitisha.

Nitaandika tena nikifika.

Mumeo,
Yeremia


Mtinko, 1 Desemba 1996

Mume wangu Yeremia,

Marahaba, na hii nimeisikia hadi kwenye mifupa.

Tu wazima. Mvua ya kwanza imenyesha, watu wote wako shambani wakigombana na mbuzi. Yule mtoto wa Bonaventura tumempa jina lako, ili nikitukana nisipoteze muda kuchagua. Ananyonya kama mwizi. Jogoo mwekundu ulimla, sasa kuku wote wanaongozwa na mwanawe ambaye hajui hata alfajiri ni saa ngapi.

Mikanda yako Ramadhan anaifuta mmoja mmoja kwa kitambaa laini, kila jioni mashine ikizimwa. Anapofuta hutukana majivu, nami hukaa pale nimtukane yeye, kazi inakwenda. Baadhi imepona. Ile ya mapacha waliopotezana sokoni imepona yote isipokuwa pale wanapokutana, pale ni kelele na theluji tu, kwa hiyo Mtinko bado wamepotezana na watu wanalia zaidi kuliko zamani. Iliyopona nimeirudisha kwenye kilindo. Bila majivu, usipige kelele. Nimetandika kitambaa, na sijaziba mfuniko, nimeuegesha tu. Watu wanakuja, wanachagua, tunakwenda nao kwa Ramadhan, wanarudisha. Mzee Stefano anachagua kila mara ile ile na kila mara anajifunika macho. Nusu ya mbegu umebeba na nusu iko hapa, ndivyo mtu anavyotakiwa kuondoka. Hii iliyopo hapa iache itumike, mbegu isiyotoka kilindoni ni mchanga.

Barua yako kaileta Bonaventura kutoka posta ya mjini. Dorika alikuwepo. Akanyoosha mkono, "Leta nikusomee, shemeji, macho yako hayo." Nikamwambia kaa mbali na mume wa mtu.

Sijawahi kukuambia hili. Ulipokuwa mtoto ulikuwa unacheka ukiniona nakwenda ngumbaru na kibao, mwanamke mzima, magoti yamevimba, nakaa na kina mama wengine kuchora a, e, i. Bwana shamba alidhani nataka kusoma mfuko wa mbolea. Kasisi alidhani nataka Biblia. Nilikwenda kwa sababu moja. Babu yako hakuwahi kuandika, au pengine aliandika na mimi sikujua, maana wakati ule barua ikija ilipita kwa karani, kwa mjumbe, kwa kila mwenye mdomo, ikifika kwako imekwisha. Nikasema, ikija katika nyumba hii barua ya mtu aliyeniachia mbegu akaondoka, nitaisoma mwenyewe, hata ikiwa ni ya matusi.

Imekuja. Nimesubiri tangu mama yako akiwa mgongoni, na imekuja ya mjukuu, na imeanza na shikamoo. Nimeisoma hadi karatasi imelainika kama mlenda.

Sasa usijione. Babu yako alikuwa na sura nzuri kuliko wewe.

Juzi nilikwenda kwa Ramadhan mapema, kabla watu wa kusaga hawajafika, nikamwambia awashe jenereta kisha atoke nje. Nikautazama peke yangu. Ritha anaingia mlangoni na ungo kichwani, anacheza vibaya, Mungu wangu, anacheza kama baba yake, mguu huu haujui mwenzake uko wapi. Nikamkemea kwa sauti, "Ritha, inua goti!" Hakusikia. Hakuwahi kusikia hata alipokuwa hai. Kisha anageuka, anamtazama mtu aliyeshika mashine ya picha, anacheka, na pembeni yake uko wewe, mwembamba kama kijiti cha kiberiti, unakula pilau kwa mikono miwili bila habari.

Tulipoutazama pamoja ulipokuwa hapa, hukujiona. Ulikuwa unamtazama yeye tu.

Kwa hiyo humo una mama, mimi nina mtoto, na sasa nina mume. Usiuombe mkanda huu tena, hautoki. Uko chini ya mto pale pale. Nimemwambia Ramadhan aurudishe nyuma hadi mwanzo kabisa, ili siku ukija tusimkute Ritha ameshafika katikati ya uwanja. Tumkute yuko mlangoni, ndiyo kwanza anaingia.

Mkeo,
Damari